Sare Juu ya Kaya

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo tukiwa kwenye kipindi cha mwisho. Mwalimu wa hesabu aliacha kufundisha kwa sababu bati lilikuwa linapiga kelele kuliko yeye. Nilirudi nyumbani viatu mkononi.

Nilimkuta daktari wa mazoezi. Huja kila Jumatatu kumnyoosha Babu mkono na mguu wa kulia, ambavyo tangu kiharusi vimelala kama vya mtu mwingine. Ulimi nao umelala. Katika maneno yote aliyokuwa nayo Babu, na alikuwa nayo mengi, limebaki moja tu: bado. Chai ni bado. Nifungulie dirisha ni bado. Hata mimi, ambaye aliniita Pindo kwa sababu nilijifunza kutembea nimeshika pindo la suruali yake, sasa ni bado.

Daktari aliuliza, "Mzee alikuwa anapenda nini, ukiacha kushona?"

Mama aligeukia vikombe. Nikasema mimi, "Karata." Mama akanikata jicho.

"Karata gani?"

"Poka," Mama akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. "Yeye na mafundi wenzake watatu. Wote wametangulia mbele ya haki."

"Basi mchezesheni poka. Mkono wa kushoto utapata kazi, na mimi nitajua akili imerudi kiasi gani."

"Daktari, nyumba hii ina mtoto wa shule!"

"Ndiye atakayecheza naye. Wewe muda huna."

Ni kweli hana. Mama hufua mashuka ya hospitali tangu alfajiri, na akirudi vidole vyake vimekunjamana kama vya bibi kizee. Basi karata zimeingia nyumbani kwetu kama dawa, kwa agizo la daktari, baada ya chakula.

Tatizo ni kwamba sijui kucheza.

Jumanne, 4 Machi

Tumezipata karata chumba cha mbele, ambacho ndicho chumba cha Babu cha kushonea. Zilikuwa kwenye droo ya cherehani, zimefungwa kwa lastiki, katikati ya chaki, sindano na nyuzi za kila rangi zilizozungushwa kwenye vipande vya kadi ngumu. Mama alifunga pazia kabla sijaifungua lastiki. Nimezipanga mezani: hazijatimia. Nyingine zimepotea. Kitu kikizeeka hung'oka meno.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba amepiga simu. Yeye ni kaka mkubwa wa Mama, anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Mama aliweka simu juu ya kabati ili aendelee kukunja nguo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Dada, shule zikifungwa nakuja. Daktari akisema akili imerudi, Mzee abaki. Akisema haijarudi, namchukua akae kwangu. Na ile cherehani iondoke, kuna fundi anaitaka."

"Kaka, cherehani ni ya Baba."

"Na Baba mwenyewe ni wa nani saa hizi, ukiwa kazini? Wa majirani? Siku akiegemea jiko je?"

Mama alikunja tena nguo aliyokwisha kuikunja. Babu alikuwa amekaa palepale, kichwa kimeinama, anapapasa goti la kulia kwa mkono wa kushoto. Sijui kama alisikia. Natumaini hakusikia. Hapana, natumaini alisikia na akaelewa, kwa sababu kama hakuelewa ndiyo mbaya zaidi.

Mjomba simpendi. Nimeandika, na sifuti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi wa jirani. Barabara nzima inamwita Wembe, kwa ulimi wake na si kwa kazi yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wa fundi, umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kujifunza poka."

Mteja aliyekuwa kitini, povu limejaa shavuni, aligeuka kunitazama. Wembe akamrudisha kichwa mbele kama anafunga mlango. "Tulia, baba, sikio halioti tena. Poka? Mama yako anajua?"

"Daktari ndiye ameagiza."

"Dunia imekwisha. Mimi daktari wangu ananikataza chumvi tu."

Alipomaliza alitoa pakiti yake mpya na kunifundisha juu ya meza ya vitana. Kila mchezaji anapewa karata tano. Unatupa usizozitaka, mara moja tu, unapewa nyingine. Kisha mnawekeana dau, mtu mmoja mmoja, mpaka mwingine aogope na kutupa karata zake, au mfunue muone nani mkubwa. Kazi ni kujua nani mkubwa. Wembe anazitaja kwa maelezo marefu, mimi nimezipa majina mafupi ili nisisahau.

Chini kabisa ni mtu asiye na kitu, anayetegemea karata yake kubwa moja. Juu yake ni jozi, mbili zinazofanana. Kisha jozi mbili. Kisha watatu. Kisha ngazi, karata tano zinazofuatana, sita, saba, nane, tisa, kumi. Kisha sare: zote tano za ua moja, zote kopa au zote shupaza, kama wanafunzi mstarini. Juu ya sare ni kaya, yaani watatu wanaofanana na wawili wanaofanana wamekaa chini ya paa moja. Kisha wanne. Na juu kabisa ngazi ya sare, ambayo Wembe anasema hajawahi kuiona ila kwenye ndoto, na alipoamka alikuwa anaumwa.

"Kwa nini kaya inaishinda sare?" nikauliza.

"Kwa nini mbuzi ana ndevu na mimi nazinyoa za watu? Ndivyo ilivyo, binti."

Amenipa brashi kuukuu ya nywele. Ukiigeuza, nyuzi zake zikatazama juu, karata husimama katikati yake, na mtu wa mkono mmoja anaweza kuziona zake zote. Sikujua kwamba Wembe ni mwema. Nilidhani ni mchekeshaji tu.

Jumapili, 9 Machi

Tumecheza, kwa karata zake zilezile za kwenye droo. Badala ya pesa tunatumia vifungo kutoka kwenye kopo la Babu. Aliposhika karata ya kwanza kwa mkono wa kushoto, ilimdondoka. Ya pili pia. Ya tatu aliichomeka kwenye brashi mwenyewe, akanitazama, na upande mmoja wa mdomo ukapanda juu.

Jumatano, 12 Machi

Nimekariri mpangilio wa ukubwa njiani hadi shule. Jozi, jozi mbili, watatu, ngazi, sare, kaya, wanne. Kwenye jaribio la jiografia niliandika "kaya" mahali pa "milima" na nikafuta haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Babu ananishinda. Nimefurahi kushindwa kuliko nilivyowahi kufurahi kushinda. Kuna jambo dogo tu. Leo alikuwa na sare ya shupaza, mimi nilikuwa na kaya. Alinyoosha mkono akachukua vifungo vyote. Nilimwacha. Pengine hakuona vizuri, taa ya chumba cha mbele ni hafifu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Nguo tunazikausha ndani, juu ya kamba iliyopita jikoni.

Kwa kuwa tumeingia mada ya uwezekano, nilimuuliza mwalimu wa hesabu kwa nini kwenye baadhi ya michezo kitu kimoja kinashinda kingine. Sikutaja karata. Alisema, "Kilicho adimu ndicho kinachopanda. Hesabu njia za kukipata. Zikiwa chache, kiweke juu." Nikafurahi. Kumbe Wembe alikosea, sababu ipo, na mpangilio niliokariri haukutoka hewani.

Lakini njiani furaha iliniisha. Kama mpangilio una sababu, basi anayekosea anakosea kweli.

Jumamosi, 22 Machi

Imetokea tena. Kaya yangu, sare yake, akachukua vifungo. Taa ilikuwa mpya.

Jumapili, 23 Machi

Na leo tena, kwa upande wa pili. Yeye alikuwa na kaya, mimi nilikuwa na sare. Alinisukumia mimi vifungo! Nilisema, "Babu, umeshinda wewe." Akatikisa kichwa. "Bado." Nikamrudishia. Akanisukumia. Tulirudishiana kama watu wawili wanaobishana nani atangulie mlangoni, mpaka Mama akauliza kutoka jikoni kama tunacheza au tunagombana.

Mtu mwenye tamaa hukosea kwa faida yake. Babu amekosea kwa hasara yake. Hiyo ndiyo inayonitisha.

Jumamosi, 29 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na mvua, kwa kuwa ilikuwepo kabla yetu. Ilinyesha tangu asubuhi, na upenuni palikuwa na kidimbwi ambacho Mama alikitolea maji kwa beseni hadi akachoka akaenda kulala.

Mimi na Babu tulicheza vizuri mwanzoni. Nilikuwa nimeamua kwamba leo, akikosea, nitamsahihisha kwa upole kama mwalimu wetu wa darasa anavyofanya: kwanza unasifu, kisha unaonyesha. Nilijiambia kwamba kumnyamazia ni kumwacha apotee. Shule zinakaribia kufungwa. Mjomba anakaribia kuja.

Akapata sare ya kopa. Mimi nilikuwa na malkia watatu na saba mbili. Akanyoosha mkono.

Nikauzuia mkono wake. Nikasema, "Babu, umecheza vizuri sana. Lakini tazama. Hii ni kaya. Kaya iko juu." Nikazipanga karata zake na zangu sambamba, nikaeleza polepole, tena kwa sauti kubwa, kana kwamba kilicholala kwake ni masikio. Nikavivuta vifungo upande wangu.

Alinitazama. Kisha akagonga sare yake kwa kidole. "Bado."

"Hapana, Babu."

"Bado!" Akagonga tena. "Bado, bado!"

"Babu, sikiliza..."

Akapiga meza kwa ngumi. Brashi ikaruka, kopo likapinduka, vifungo vikatawanyika hadi chini ya cherehani. Babu yangu, ambaye hakuwahi kumfokea hata mteja aliyerudisha suruali mara tatu, alikuwa anahema, na jicho la upande mzima lilikuwa linatoka machozi, na la upande wa pili pia.

Mama alikuja mbio. "Umemfanya nini?"

"Nimemsahihisha."

Mama akapiga magoti akaanza kuokota vifungo. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, akiwa chini ya meza, "Mwanangu, mtu huyu amewasomesha watoto wawili kwa mguu wa cherehani. Kama amesahau mambo ya karata, mwache asahau."

Kwa hiyo na yeye anaamini amesahau.

Jumatatu, 31 Machi

Daktari alimnyoosha Babu, kisha akaniita pembeni, chini ya kamba ya nguo.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Niambie kweli. Anazikumbuka sheria za mchezo?"

Nilijua jibu linaelekea wapi. Kichwani nilimwona Mjomba akiingia mlangoni, niliiona cherehani ikibebwa. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi. Lakini nimefundishwa kwamba anayemdanganya daktari anamdanganya mgonjwa.

"Anazikumbuka nyingi," nikasema. "Ila mpangilio mmoja anaugeuza. Kila mara."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na akisahihishwa anakasirika."

Daktari akashusha pumzi. "Kukosea mara moja moja si kitu. Kukosea vilevile kila mara, na kuwa na hakika, hiyo si dalili nzuri. Ningependa kusema vingine."

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia. Usoni mwangu shuka lililoloa lilikuwa linadondosha maji, na sikujisumbua kusogea.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Babu hataki karata.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hataki.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama amemweleza Mjomba maneno ya daktari. Hakulazimika, lakini nyumba hii tumelelewa hivyo. Mjomba hatasubiri shule zifungwe. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo na gari la mizigo.

Niliomba niongee naye. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno makali.

"Mjomba, akiondoka atakufa."

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Pindo, unadhani mimi nalala? Kila simu ikilia usiku nakaa kitandani naogopa kuipokea."

Nikamrudishia Mama simu.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika kwa haraka na mwandiko utanisamehe.

Pindo la sketi yangu ya shule limefumuka leo. Nilikwenda kwenye droo ya cherehani kutafuta uzi wa buluu. Nilivuta uzi kutoka kwenye kile kipande cha kadi, nikavuta mwingi kupita kiasi kwa sababu mawazo hayakuwa pale, na kadi ikabaki uchi mkononi mwangu. Ilikuwa na kopa mbili nyekundu, moja juu na moja chini.

Karata. Kopa ya mbili.

Nikafungua uzi mweusi: shupaza ya tano. Uzi wa njano: uru ya tatu. Nilizifungua zote hadi mapaja yangu yakajaa nyuzi kama kiota. Mbili zote, tatu zote, nne zote, tano zote. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwa kazini.

Nilimkimbilia Mama jikoni. "Mama, nani alichukua karata akazizungushia uzi?"

"Nani mwingine? Babu yako. Mimi nilikuwa mdogo. Yeye na wenzake walizitoa zile ndogo wakasema zinawachelewesha, mchezo wa watu wazima unaanzia sita. Mbona umeniharibia nyuzi?"

Kwa hiyo Babu na wenzake hawakuwahi kucheza kwa pakiti kamili kama ya Wembe. Miaka yote walicheza kwa karata hizi, kuanzia sita kwenda juu.

Nikakaa sakafuni nikakumbuka alivyosema mwalimu: hesabu njia za kukipata. Kwenye pakiti ya Wembe kila ua lina karata kumi na tatu. Kwenye ya Babu limebaki na tisa. Kupata tano za ua moja kati ya tisa ni vigumu kuliko kati ya kumi na tatu. Lakini wafalme bado ni wanne, na sita bado ni wanne, na aina zenyewe zimepungua, kwa hiyo zinazofanana zinakutana kirahisi zaidi. Sare imekuwa adimu. Kaya imekuwa ya kawaida.

Nimefanya hesabu mara mbili, kisha nikaanza upya kwa njia nyingine kwa sababu niliogopa kuwa natamani jibu. Jibu halikubadilika. Kwa pakiti hii, sare iko juu ya kaya.

Babu hakugeuza kitu. Mimi ndiye niliyekariri sheria za nyumba ya mtu mwingine nikaja kumpimia nazo kwake.

Jumatano, 9 Aprili

Nilimwonyesha mwalimu wa hesabu. Alikagua akiwa amesimama, kisha akakaa. "Sahihi," akasema. "Sasa nenda darasani, kengele imelia."

Mama aliuliza hospitali. Daktari yuko safarini hadi Jumatatu. Mjomba anakuja Jumamosi.

Jioni niliweka brashi mbele ya Babu. Akageuza uso. Sikumsemesha. Nilipanga karata zikiwa wazi, sare upande wake, kaya upande wangu, kisha nikachukua kopo zima la vifungo nikamsukumia.

Alitazama vifungo. Alinitazama mimi. Mkono wa kushoto ukaja polepole ukatua kichwani kwangu, mzito, ukakaa.

"Bado," akasema, kwa upole sana.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijala vizuri. Nilimpigia Mjomba simu nikamweleza habari za karata ndogo. Akasema, "Mwanangu, nimekusikia. Lakini daktari ndiye daktari." Gari ameshalikodi.

Jumamosi, 12 Aprili

Walifika mchana, Mjomba na dereva, wameloa hadi soksi. Mjomba ni mkubwa kuliko ninavyomkumbuka, na alipoinama kumwamkia Babu aliushika ule mkono uliolala kwa mikono yake yote miwili.

Mama alikuwa ameshafungasha nguo za Babu kwenye begi. Alifanya hivyo asubuhi bila kuniambia. Lilikuwa limesimama karibu na mlango kama mgeni.

Dereva akasema gari halina turubai. "Cherehani ikinyeshewa itakula kutu, bosi. Tungoje mvua ipungue."

Tukakaa. Mvua haikupungua. Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Mjomba, cheza naye. Mpaka mvua ikatike tu."

"Pindo..."

"Mpaka ikatike."

Mama akasema, bila kutazama mtu, "Cheza, Kaka. Au unaogopa kufungwa na mgonjwa?"

Mjomba akacheka kidogo, akavuta kiti. Nilimweleza yote: ukubwa wa kila kitu, na kwamba kwa pakiti hii sare inaivunja kaya. "Sheria za mwenye nyumba," akasema. "Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza hii kuokota pini, wao wakipiga kelele juu. Haya, gawa."

Nilikaa ubavuni mwa Babu kuishika brashi isiyumbe, kwa hiyo karata zake niliziona. Mwanzoni Mjomba alicheza kama anavyocheza mtu mwenye mawazo ya gari. Kisha akashinda mara mbili, kisha Babu akashinda mara tatu mfululizo, na Mjomba akasogeza kiti mbele, akavua koti.

Ndipo ikaja ile mara ambayo sitaisahau.

Babu alipata ree ya kopa, kumi ya kopa, nane ya kopa, saba ya kopa, na tisa ya uru. Nne za ua moja. Akaitupa ile tisa akaomba moja. Mjomba hakuomba hata moja. Alizikunja zake mkononi akasema, "Mimi nimeridhika."

Nikamgawia Babu karata yake. Niliomba kopa kwa roho yangu yote.

Ilikuwa sita ya shupaza.

Hakuwa na sare. Hakuwa na jozi. Hakuwa na kitu chochote duniani ila ree, karata kubwa moja. Nilijikaza nisipumue kwa nguvu. Mjomba akaweka rundo la vifungo katikati. Babu akatazama brashi yake kwa utulivu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Kisha akaweka mkono wa kushoto nyuma ya vifungo vyake vyote, vya shati, vya koti, vya mifupa, na akavisukuma vyote katikati.

Nikawaza: amechanganyikiwa. Anadhani anayo sare. Hajaona kwamba ile ya mwisho ni nyeusi. Sasa Mjomba ataona, na yatakuwa yamekwisha, na mimi ndiye niliyeomba mchezo huu.

Mjomba hakumtazama Babu. Alinitazama mimi. "Pindo, ana nini?"

"Siruhusiwi kusema, Mjomba." Nilikaza macho kwenye kifungo kimoja cha kijani.

Akamgeukia Babu. "Mzee. Umeomba moja tu. Umeipata sare?"

Babu akamtazama usoni, moja kwa moja. "Bado," akasema.

Mama alikuwa ameacha kufanya alichokuwa anafanya. Dereva alisogea. Mjomba alifungua karata zake, akazifunga, akazifungua. Akajifuta paji la uso.

"Nimekimbia," akasema, na kuzilaza wazi. Wafalme watatu na tisa mbili. Kaya.

Ndipo Babu, taratibu, kwa mkono mmoja, akaigeuza brashi.

Mjomba aliinama mbele. Akahesabu kwa kidole. Kopa, kopa, kopa, kopa, shupaza. Akarudia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alijua kwamba mimi najua sare inashinda. Alijua nimeona ameomba moja." Akasimama, kiti kikaanguka nyuma. "Amenidanganya! Dada, umeona? Baba amenidanganya mchana kweupe!" Na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekuwa akiokota pini.

"Nimeona," Mama akasema. Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa upande wa mkono. "Sasa niambie, Kaka, kati yenu nani hana akili?"

Babu alikuwa anavikusanya vifungo. Mdomo wake ulipanda upande mmoja, na safari hii nadhani na ule wa pili ulijaribu.

Sikugundua mvua ilikatika saa ngapi. Dereva ndiye aliyesema, akiwa mlangoni, "Bosi, mbingu imefunguka. Tupakie?"

Begi lilikuwa palepale. Babu akaegemea meza, akajivuta, akanyanyuka kwa mguu mmoja na bega langu, akaenda hadi kwenye cherehani akaweka mkono kwenye gurudumu lake.

"Bado," akasema.

Mjomba alimtazama, kisha akalitazama begi. Alipolichukua nilishtuka, lakini alilipeleka ndani, chumbani kwa Babu.

"Umemsikia mwenyewe," akamwambia dereva. "Ingia ule, kisha utarudi na gari tupu."

Jumapili, 13 Aprili

Mjomba amelala hapa. Asubuhi nilimkuta chumba cha mbele, pazia wazi kabisa, anadai mechi ya marudiano. Mama alipita na beseni akasema majirani wataona. Mjomba akasema waje, viti vipo. Wamekubaliana kwamba atakuja kila mwisho wa mwezi, na Wembe atamwangalia Babu asubuhi wakati Mama yuko kazini. Wembe ameuliza kama analipwa kwa vifungo.

Kesho daktari atakuja, na nitamwambia kwamba aliyekosea ni mimi.

Nimezungushia nyuzi upya kwenye zile karata ndogo, uzi wa buluu kwenye kopa ya mbili, kisha nikakaa karibu na dirisha nikalishona pindo la sketi yangu. Nilishona kwa uangalifu mkubwa. Nilipomaliza nikampelekea Babu, nikiwa na matumaini.

Aliigeuza sketi upande wa ndani. Akapitisha kidole gumba juu ya mishono yangu yote, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho. Kisha akashika ncha ya uzi na kuuvuta, pindo lote likafumuka, akanirudishia.

"Bado," akasema.

Nimeanza upya.